Mchambuzi Haongezi

Mwanaidi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachuja chai jikoni kwangu Arusha, akanieleza kwamba mama yake, Bi Zaituni, amefariki, wameshamzika, na hitima itasomwa Jumamosi nyumbani kwao Karatu, nyuma ya soko. "Alikutaja, mama mdogo," alisema. "Kuna kitu ameacha nikupe." Nikamwambia nitakuja, nikaweka simu mezani, nikasahau chai mpaka ikapoa. Mimi si mtu wa kulia upesi. Nilichohisi kwanza, na naona haya kukiandika, hakikuwa huzuni bali hofu. Bi Zaituni nilimdanganya mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo nimepita Karatu mara nisizoweza kuzihesabu nikielekea kwetu Mbulumbulu bila kwenda kumsalimia. Gari linasimama stendi, watu wanashuka kununua vitunguu, mimi nabaki kwenye kiti changu natazama dirisha la upande wa pili. Mtu akiniuliza nasema nimechoka.

Mambo ya kwetu nayaruka. Wazazi walikuwepo, walilima ngano na maharage, walinisomesha mpaka kidato cha nne, yatosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja, na mwaka huo umechapwa nyuma ya ukurasa wa jina katika vitabu sita vilivyotufikia ndani ya boksi moja la sabuni. Siutaji. Aliye na vitabu hivyo anaujua, na asiye navyo hautamsaidia. Nimefanya kazi ya uhariri karibu maisha yangu yote, nimepitisha mikononi vitabu vya watu vya kila aina, na nikiulizwa nilijifunzia wapi huwa nataja Dar es Salaam. Si kweli. Nilijifunzia katika chumba cha kuchambulia kahawa, kwenye shamba moja kubwa chini ya msitu wa Ngorongoro, na nilijifunza kwa kufanya kosa.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, cha bati, chenye madirisha upande wa mashariki tu. Kulikuwa na meza nne za mbao zilizong'arishwa na mikono ya watu, na mabenchi pande zote mbili. Wanawake thelathini na kitu walikaa hapo tangu asubuhi, kila mmoja na kilima chake cha buni iliyokwisha kukobolewa, wakitoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na kijiwe kimoja kimoja. Wengine walitoka Singida na Dodoma, wengine Mbulu, na wachache walikuwa wa hapo hapo, Wairaqw kama mimi. Mwezi wa saba ukungu ulishuka kutoka msituni mpaka kizingitini, wakachambua wamejifunika khanga mbili mbili, vidole tu ndivyo vikionekana. Vidole vile vilikwenda vyenyewe. Sijawahi kuona mashine yenye adabu kama ile.

Msimamizi alikuwa Mzee Chilewa, Mgogo mrefu asiyependa maneno. Zamani wanawake walikuwa wakiimba kazini, lakini wa Singida wakianzisha kaswida, wa Mbulu walijibu kwa nyimbo za kwaya, na mwisho hakuna aliyekuwa akitazama meza. Akapiga marufuku kuimba. Wakaanza kuzungumza, ikawa mbaya zaidi. Ndipo akabuni nadharia yake, ambayo alinieleza siku niliyokwenda kuomba kazi ya ofisini. "Mdomo ukisema, jicho linapanda," alisema. "Sikio likisikia, jicho linatulia. Wewe unajua kusoma kwa sauti?" Nikasema najua. Akanipa stuli karibu na dirisha na rundo la magazeti ya zamani, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Watu wote wakaniita Msomaji, hata jina langu la Paskalina likapotea kabisa.

Siku ya kwanza tu, Bi Zaituni alinipa masharti. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mfupi, mweusi tii, mwenye jicho moja dogo kuliko jingine, na hakuna aliyemfikia kwa kuchambua. Kusoma hakujua. Nilikuwa nimeruka habari ya bei za mifugo kwa kuwa niliiona inachosha. Alijuaje, sijui. Alisema bila kuinua uso, "Msomaji, umeruka."

"Ilikuwa haina maana, mama."

"Maana tutaitafuta sisi. Wewe soma kilichoandikwa. Usiruke, usiongeze. Kisichoandikwa hakisomwi." Akatoa punje nyeusi, akaitupa kwenye kopo. "Na sisi hapa ni hivyo hivyo. Mchambuzi anatoa mbovu. Haongezi."

Nikarudi kwenye bei za mifugo, nikazisoma zote mpaka ng'ombe wa mwisho.

Vitabu vililetwa na Bi Rukia, mwanamke wa makamo kutoka Dar es Salaam, asili yake Tanga. Alikuwa njiani kwenda kuiona kreta ya Ngorongoro pamoja na dada yake, gari lao likafa klachi kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu, wakavutwa mpaka kwenye nyumba ya wageni ya pale shambani kungoja kifaa kutoka Arusha. Siku ya pili alichoka kukaa, akaja kutembea uani, akachungulia chumba chetu. Bi Zaituni akamkaribisha na kumwuliza, kama ilivyo desturi, anafanya kazi gani huko kwao.

"Mimi? Mimi ni mchambuzi," alisema Bi Rukia.

Benchi zima likasogea. Bi Zaituni akapangusa nafasi kwa khanga yake. "Karibu mwenzetu. Keti hapa. Unachambua daraja gani?"

Bi Rukia akaangua kicheko cha kipwani, kile cha kujishika kifua. "Ala! Si kahawa, dada yangu. Nachambua vitabu."

Hapakuwa na mtu mle aliyelielewa hilo ila mimi, niliyekuwa nimelisoma neno hilo darasani. Bi Zaituni alilifikiria, mikono ikiendelea. "Ukikuta kibovu unakitoa?"

"Nasema kibovu. Naandika gazetini."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kinabaki dukani."

"Basi hujachambua, mama. Umetazama tu."

Nadhani ni jibu hilo lililomfunga. Aliketi, akachambua mpaka saa saba, vibaya mno, na meza nzima ikapitia upya kilima chake bila kumwambia. Alitueleza kwamba yuko kwenye jopo la majaji wa shindano, majaji wanne, na vitabu sita vya aina sita, vyote vya mwaka huo huo. Majaji wamegawanyika na uamuzi ni mwishoni mwa mwaka. Yeye amesoma kila kimoja mara tatu na hajui tena kitamu ni kipi. Wanawake walilishika hilo upesi. "Ni mavuno ya msimu mmoja," alisema mmoja wa Mbulu. "Yanataka kupangwa madaraja." Kesho yake gari lilipotengemaa, Bi Rukia alileta boksi, akaliweka miguuni pangu, akaahidi kupita tena mwezi wa kumi na mbili kusikia tumeonaje. Mzee Chilewa alitazama unene wa vitabu, akauliza swali moja tu, kama vina siasa. Akaambiwa hapana.

Tulianza na cha upelelezi kwa kuwa jalada lilikuwa na bastola. Kilikuwa na kurasa mia mbili, na mwandishi aliwaficha wasomaji wake muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Mle chumbani alijulikana siku ya pili. "Ni mpishi," alisema Bi Zaituni. "Mtu anapika hajionjei, ana jambo." Nikasoma kurasa zote zilizobaki nikijua, nao wakijua, na ilipotokea kuwa ni mpishi kweli hakuna aliyeshangaa, walimwonea huruma askari kwa kuchelewa. Tamthilia tuliigawana sauti, na sehemu ya mwalimu mkuu mlevi haikupata mtu mpaka Mzee Chilewa aliposema, kutoka mlangoni, kwamba anaweza kujaribu. Hakunywa pombe maisha yake. Aliucheza ulevi ule kwa namna ambayo watani wake wa Singida walimkumbusha mpaka Krismasi. Kitabu cha watoto, cha kalunguyeye mwenye miiba aliyekosa rafiki wa kumkumbatia, kilizunguka meza kwa meza kwa ajili ya picha, kikarudi kimejaa vumbi la kahawa. Kumbukumbu za mkunga zilileta ugomvi wa siku nne, nusu ya chumba wakishikilia kwamba huyo mama hajazalisha mtu hata mmoja, amehadithiwa.

Kisha ikaja diwani. Nilikuwa na tabia ya kubandika mlangoni karatasi ya kitakachosomwa kesho, kwa wachache wanaojua kusoma wawaambie wenzao. Niliandika: *Kesho, diwani mpya.* Shuleni nilifundishwa kwamba mkusanyo wa mashairi ni diwani, na sikukumbuka kwamba huko kwetu neno hilo lina mtu mmoja tu, naye anachaguliwa na kata. Asubuhi nilimkuta Mzee Chilewa amevaa koti. Nje walisimama wazee sita waliotembea kutoka Kansay, mmoja ameshika kipande cha bomba la maji kilichopasuka, kimefungwa kwenye gunia. Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema diwani imefika, si amefika, lakini kwetu watu wengi huchanganya hayo, wakadhani ni Kiswahili changu. Basi wakaingia, wakapewa benchi, nikasoma mashairi. Walisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Yule mwenye bomba aliponyanyuka alisema, "Diwani wenu huyu anasema vizuri. Ila habari ya maji hajaigusa." Bi Rukia baadaye aliniambia kwamba huo ndio uhakiki bora wa kitabu kile aliowahi kuusikia.

Riwaya tuliiacha mwisho. Ilikuwa habari ya mwanamke aitwaye Tabu, muuza maandazi kwenye stesheni ya reli huko bara, na mwanawe wa pekee, mvulana mgonjwa wa moyo anayepaswa kufikishwa hospitali kubwa kwa treni. Kitabu kizima ni safari hiyo. Nilikisoma mwezi wa kumi, kahawa ikiwa imefurika. Tulipofika katikati, Mwanaidi, binti wa Bi Zaituni, wakati huo ana miaka minane, alishikwa na homa ya uti wa mgongo akalazwa. Bi Zaituni alilala naye wodini, sakafuni, na mchana akamwachia dada yake kitanda kile, yeye akaja kukaa pahali pake mezani. Wakati wa chakula, tulipokuwa kibarazani na sufuria la maharage, wanawake wa Mbulu walikuwa na utani wao wa kila siku juu ya chombo chake cha mlenda. "Huo wenu, Zaituni, tonge linashuka kabla hujamaliza bismillahi." Kwa kawaida alikuwa na majibu matatu tayari. Juma lile alifungua chombo, akakitazama, akakifunika.

"Si ubaki hospitali, dada?" mmoja alimwambia. "Sisi tutakuchambulia."

"Nikikaa pale mchana natazama ukuta. Hapa angalau nasikia habari za mtoto mwingine." Kisha akanigeukia mimi. Ilikuwa mara chache anipe uso wake wote. "Msomaji, huyu mtoto wa Tabu akifika hospitali akapona, na wangu atatoka. Nimejiwekea hivyo."

"Usiseme hivyo, ni ushirikina," alisema yule wa Mbulu.

"Sijasema ni kweli. Nimesema nimejiwekea."

Jumapili, baada ya misa, nilikaa nyuma ya nyumba ya makarani nikasoma sura ya mwisho peke yangu. Reli imekatwa na mvua. Treni inasimama siku nzima kwenye kituo kidogo kisicho na zahanati, na jioni mtoto anakufa mapajani mwa mama yake, abiria wanachimba kaburi kando ya reli, na asubuhi treni inaondoka na Tabu akiwa ndani yake amekaa na kapu tupu. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana. Hata leo, nikiwa nimesoma vitabu vingi kupita kiasi, naweza kusema zile kurasa nne za mwisho hazina neno la kuondoa. Nilizichukia. Nilifikiri kuugua, nikafikiri kukipoteza kitabu, nikafikiri kumwambia Mzee Chilewa turudi kwenye magazeti. Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida.

Nilisoma vizuri mpaka treni iliposimama. Hapo niliinua macho. Bi Zaituni alikuwa amekaa mwisho wa meza ya kwanza, kichwa chini, na vidole vyake vilikuwa vikienda kama siku zote, ila midomo ilikuwa inatikisika kidogo. Sijui kama alikuwa anaomba dua au anarudia maneno yangu. Nikashusha macho kitabuni na kuendelea, na nilichokuwa nasema hakikuwa kitabuni. Nilisema kwamba ilipofika alasiri walikuja mafundi kwa kiberenge, reli ikaungwa, treni ikapiga honi. Niliwafikisha hospitali alfajiri. Nikamweka mtoto kitandani, nikamtundikia dripu, nikamfanya alale siku tatu bila kusema neno, kwa kuwa niliona akiamka mara moja hawatasadiki. Siku ya nne nikamwamsha. Mama yake anamlisha uji kwa kijiko. Mtoto anaonja, anakunja uso, anasema, "Mama, uji hauna sukari." Nikafunga kitabu.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule mikono ya Bi Zaituni ilisimama. "Basi amepona huyo," alisema. "Mtoto akianza kulalamikia chakula, amepona." Wengine wakacheka, mmoja akajipangusa macho kwa ukingo wa khanga, na Mzee Chilewa akakohoa mlangoni. Mwanaidi alitoka hospitali baada ya wiki mbili. Sisemi kwamba yale yana uhusiano, na wala sikusema siku ile.

Mwezi wa kumi na mbili tulipiga kura. Vitabu sita vilipangwa mezani na kila mwanamke akaweka punje moja safi mbele ya kile alichokipenda. Bi Zaituni alizikagua zote kabla ya kuzihesabu, akaitoa moja iliyokuwa na ufa. "Kura mbovu hii," alisema, na mwenye kura akaenda kutafuta nyingine bila kubisha. Riwaya ilipata punje kumi na tisa, ikashinda. Bi Rukia alifika siku mbili baadaye, safari hii akienda Serengeti na wageni wake, akasimama tulipokuwa tunakunywa chai ya rangi. Alipoambiwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaelekea huko mwenyewe, alisema, ila mwenzake mmoja joponi analalamika kwamba mwisho wake ni mchungu mno.

"Mchungu?" alisema Bi Zaituni.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nakumbuka joto lake kwenye vidole, na kwamba sikuweza kukiweka chini.

"Mwisho wake ndio wenyewe," Bi Zaituni aliendelea, kwa utulivu. "Mafundi wanakuja na kiberenge, mtoto anafika hospitali, siku ya nne anaonja uji anasema hauna sukari. Sisi tumekipa kwa ajili ya uji ule. Kawaambie wenzako hivyo."

Bi Rukia alimtazama, kisha akanitazama mimi, muda wa kutosha. Angeweza kusema neno moja tu. Alikunywa chai yake yote, akasema, "Nitawaambia, dada yangu," kisha akaniomba nimsindikize mpaka kwenye gari. Njiani nilimweleza habari ya wodi. Hakunisifu, hakunikemea. "Mwandishi akisikia atakutoa macho," alisema. "Uliusoma mwisho ule ukaona mahali pa kukata, ukakata, ukaunga, na hakuna aliyeona mshono. Hiyo ni kazi, mwanangu, wapo wanaoifanya. Ila hufanywa kabla kitabu hakijachapwa, na mwenyewe akijua." Akanipa anwani yake Dar, kama ningependa kusahihisha prufu. Vitabu akawaachia wanawake wagawane. Bi Zaituni akachukua riwaya.

Niliondoka mwezi wa kwanza. Nilifurahi kupata kazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia kitabu kile. Kilikuwa kwenye kasha la nguo la Bi Zaituni, na siku yoyote jirani, au mwanawe akishajua kusoma vizuri, angekifungua na kumsomea. Aliniaga na kifurushi cha mlenda mkavu na maneno machache. "Huko uendako, Msomaji, kasome kilichoandikwa." Niliyachukua kama wosia wa kawaida wa mtu mzima. Mlenda niliula miezi mitatu nikiwa Dar, tonge likishuka kabla sijajiandaa.

Sasa Jumamosi hiyo nilishuka Karatu. Nyumba ilikuwa ya matofali, ua umefagiliwa, majamvi yametandikwa, sufuria za pilau nyuma. Mwanaidi ni mwanamke mnene, mchangamfu, mkuu wa vyumba kwenye loji moja kule juu ukingoni mwa kreta, na ana jicho moja dogo kuliko jingine. Kisomo kilikwisha adhuhuri. Niliketi na kina mama upande wa jikoni, sahani mapajani, na nikawasikia nyuma yangu wakiulizana habari za mjukuu aliyekuwa na homa tangu Jumatano.

"Leo vipi?"

"Leo uji hauna sukari."

"Alhamdulillahi."

Niligeuka. Nilimwuliza yule mama aliyejibu kwamba amesemaje. Akacheka, akasema ni msemo wa nyumba hii, wa marehemu. Mgonjwa akipata nafuu hapa hawasemi amepona, wanasema uji hauna sukari, na mtaa mzima umeshaushika. Wachaga wa duka la pembeni pia wanausema. Hakujua ulikotoka.

Wageni walipopungua Mwanaidi aliniita chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimekunjwa godoro. Alifungua kasha, akatoa khanga, na ndani ya khanga kilikuwamo kitabu, jalada limechakaa lakini mgongo mzima. Alinieleza kwamba mama yake alijiandikisha elimu ya watu wazima alipoacha kazi shambani, akajifunza kusoma polepole sana, na kitabu cha kwanza kukisoma kutoka mwanzo hadi mwisho kilikuwa hiki. Kilimchukua mwaka.

"Hadi mwisho?" niliuliza.

"Hadi mwisho. Akaniita, akanionyesha kurasa nne hizi, akasema, 'Mwanaidi, hizi ndizo zile hazikulia.'"

Sikuelewa. Mwanaidi alikaa kwenye kasha. "Alisema siku ile, ulipokuwa unasoma, kila mara alikuwa anasikia karatasi ikigeuzwa. Mwaka mzima, alisema, masikio yake yalikuwa yanaijua sauti ile. Ukafika treni imesimama, ukaendelea kusoma muda mrefu, na karatasi haikulia hata mara moja. Alijua hapo hapo, mama mdogo. Alijua mimi niko wodini na wewe unasema ya kwako."

"Na bado alimwambia Bi Rukia..."

"Alisema yale aliyasema ili usikie wewe."

Nililia hapo, kwa mtu asiyelia upesi nililia sana, na Mwanaidi akaniachia. Miaka yote ile nilikuwa nimekwepa stendi ya Karatu kwa ajili ya siri ambayo mwenyewe aliyefichwa alikuwa nayo tangu siku ile ile. Nilikuwa nimemnyima mgeni, na mimi nimejinyima mtu. Hilo halina mhariri.

"Kuna ujumbe," alisema Mwanaidi niliponyamaza. "Alisema, 'Mwambie mchambuzi haongezi.' Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, 'Akija umpe kalamu. Mwisho wangu haumo humu, na kisichoandikwa hakisomwi.'"

Mwishoni mwa kitabu, baada ya kurasa nne zile, wachapaji walikuwa wameacha karatasi moja nyeupe. Niliandika kwa mwandiko mdogo, nimeinamia kasha: mafundi, kiberenge, honi, alfajiri, dripu, siku tatu za kimya. Mbele ilijaa kabla sijafika kwenye uji, ikabidi niendelee nyuma. Sikuondoa neno katika yale ya mwandishi. Yako pale pale, na ni mazuri. Nilipomaliza Mwanaidi alifunga mlango, akaketi chini kwenye jamvi kama mtoto wa miaka minane. Nikasoma kilichoandikwa, bila kuruka. Nilipofika chini ya ukurasa niliishika karatasi kwa pembe, nikaigeuza taratibu ili ilie.